Kwa nini mzamiaji, si pampu: kisa cha kanisa kuu la Winchester

Winchester, mji wa kusini mwa Uingereza, hauko pwani. Bahari iko karibu kilomita 20 kutoka hapo, na mto wake, Itchen, ni mto wa bondeni wa maji maangavu. Hata hivyo, Aprili 1906, mzamiaji wa kazi aitwaye William Walker alivishwa vazi lake zito la turubai na mpira, akafungiwa kofia ya shaba kichwani, akateremshwa kwenye shimo lililojaa maji pembeni mwa ukuta wa kanisa kuu la mji huo. Aliendelea kuteremka, siku baada ya siku, hadi 1911.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya ushujaa wa mtu mmoja, na ushujaa ulikuwepo kweli. Lakini kwa mtu kama mimi, niliyekula miaka kwenye mashimo ya msingi, kuna swali linalotangulia ushujaa huo. Kwa nini mzamiaji? Msingi ukijaa maji, fundi yeyote hutafuta mota ya kuvuta maji, si mtu wa kuzama. Waliokuwa Winchester mwaka 1906 walikuwa na pampu, tena za nguvu, na walizizima. Uamuzi wa kuzizima ndio ulioliokoa kanisa, na ndio ninaotaka kuufuatilia hapa tangu mizizi yake.

Jengo lenyewe lilianza 1079, miaka 13 baada ya William wa Normandy kuiteka Uingereza. Askofu Walkelin, mtu wake, alianza kujenga ubavuni mwa kanisa la kale la Wasaksoni lililokuwa limesimama hapo tangu karne ya 7. Mwaka 1093 jengo jipya likawekwa wakfu na la kale likabomolewa. Leo ramani ya lile la kale imechorwa kwa matofali kwenye majani, upande wa kaskazini, na mgeni anaweza kuikanyaga akitembea chumba hadi chumba. Mawe ya Walkelin yalitoka Quarr, kwenye kisiwa cha Wight. Kuhusu mbao kuna simulizi ambayo wenyeji hawachoki nayo: mfalme alimruhusu askofu kuchukua kutoka msitu wa Hempage miti yote ambayo maseremala wake wangeweza kuikata kwa siku nne, usiku na mchana. Askofu akakusanya maseremala wote aliowapata. Siku nne zilipokwisha, msitu haukuwepo.

Wanormani walijenga kwa kutegemea uzito. Nguzo zao ni nene kama vyumba vidogo, matao yao ni ya nusu duara, kuta zao zimejazwa kokoto na chokaa katikati ya ngozi mbili za mawe ya kuchonga. Ukiingia kwenye mabawa mawili ya kanisa, la kaskazini na la kusini, bado unaiona kazi hiyo jinsi ilivyoachwa. Uzito wa namna hiyo unadai ardhi inayoubeba, na hapo Winchester ardhi ilianza kulalamika mapema. Mwaka 1107 mnara wa katikati uliporomoka. Miaka saba kabla yake, Mfalme William Rufus alikuwa ameuawa kwa mshale msituni na kuzikwa chini ya mnara huo huo, na kwa kuwa hakuwa mtu wa dini, watu wakasema mnara umekataa kusimama juu ya maiti yake. Mwanahistoria William wa Malmesbury, aliyeishi nyakati hizo, aliandika uvumi huo kisha akaongeza kwamba huenda mnara ungeanguka hata kama mfalme asingezikwa hapo, kwa sababu ya ujenzi mbovu. Namheshimu sana mtawa huyo. Katika karne ya 12, mbele ya maelezo ambayo kila mtu aliyapenda, yeye aliuliza kuhusu kazi ya fundi.

Mnara ulijengwa upya, mfupi na mnene kupita kiasi, na umesimama hadi leo.

Sehemu iliyomleta mzamiaji, hata hivyo, ni mpya zaidi. Iko mashariki kabisa, nyuma ya madhabahu kuu. Winchester ilikuwa na mtakatifu wake, Swithun, askofu aliyefariki katika karne ya 9. Inasemekana aliomba azikwe nje, mahali ambapo miguu ya watu na matone ya mvua vingempitia. Tarehe 15 Julai 971 mabaki yake yakahamishiwa ndani, na tangu hapo Waingereza wana msemo kwamba mvua ikinyesha siku hiyo ya Mtakatifu Swithun, itanyesha siku 40. Nawaomba wasomaji waikumbuke tarehe hiyo.

Mahujaji walikuja kwa wingi kwenye kaburi lake, wakasongamana. Kwa hiyo mnamo 1202 Askofu Godfrey de Lucy alianza kurefusha kanisa upande wa mashariki ili wapate nafasi. Sehemu hiyo ni ya Kigothi cha mwanzo: matao yaliyochongoka, nguzo nyembamba kama mafungu ya mianzi, mwanga mwingi. Ukitoka kwenye mabawa ya Kinormani na kuingia huko, unahisi kama mtu ameondoa mkono wake begani mwako. Ni sehemu nzuri mno. Tatizo ni kwamba upanuzi huo ulisogea kuelekea mtoni, kwenye kinamasi.

Chini ya mashariki ya kanisa hilo ardhi imepangika hivi. Juu kuna udongo wa kawaida na vifusi vya karne nyingi. Kisha unakuja udongo mzito wenye chokaa. Chini yake kuna mboji ya kinamasi: tabaka jeusi, laini, la mimea iliyozama majini bila kuoza ikaisha, sehemu nyingine unene wake unapita mita 2. Wasomaji wa Rwanda na Burundi wanaufahamu udongo huo kuliko sisi wa pwani, maana huko hukatwa mabondeni, ukakaushwa, ukawa kuni. Chini ya mboji ndiko kuna changarawe ngumu, yenye uwezo wa kubeba chochote. Ila changarawe hiyo imejaa maji yanayosukuma kutoka chini kwenda juu, na mboji imeketi juu yake kama mfuniko wa sufuria.

Mafundi wa de Lucy hawakuwa wajinga. Walichimba mpaka maji yakawazuia, kisha wakalaza magogo, mengi yakiwa ya mti wa Ulaya uitwao beech, juu ya ardhi hiyo oevu kama chelezo, ndipo wakaanza kupanga mawe. Watu wengi wakisikia hivi hucheka. Mimi sicheki. Gogo likizama moja kwa moja kwenye maji yasiyo na hewa haliozi, kwa sababu wadudu na kuvu wanaokula mbao wanahitaji hewa. Linaloua gogo ni maji kupanda na kushuka, leo limelowa kesho limekauka. Hapo Winchester magogo yalidumu miaka 700 kwa sababu maji hayakuondoka. Yale maji ambayo kila mtu aliyaona adui ndiyo yaliyokuwa yakiutunza msingi.

Mboji nayo ni vivyo hivyo. Ikiwa imejaa maji hubonyea polepole chini ya mzigo. Ikikaushwa husinyaa kama sifongo. Kanisa lilikuwa likizama, ndiyo, lakini kwa mwendo wa vizazi. Na halikuzama sawasawa: upande wa mashariki na kusini ulikwenda chini haraka kuliko mwingine, kuta zikaachana na timazi, matao yakafunguka.

Karne zilizofuata nazipita upesi. Katika karne ya 14, maaskofu William Edington na William wa Wykeham waliubadilisha ukumbi mrefu wa kanisa, na fundi mkuu William Wynford akachonga upya nguzo za Kinormani palepale ziliposimama, akazivika umbo jipya la Kigothi na kuzitwika dari ya mawe. Kanisa lina urefu wa karibu mita 170, refu kuliko makanisa makuu yote ya zama za kati yaliyobaki Ulaya. Mwaka 1538 kaburi la Swithun likavunjwa kwa amri ya Mfalme Henry VIII. Baadaye katika karne hiyo, Askofu Robert Horne aliamuru baraza za watawa zilizokuwa zimeshikana na ukuta wa kusini zibomolewe. Hakuna aliyefikiri wakati huo kwamba baraza zile zilikuwa zikiuegemeza ukuta. Ziliondoka, ukuta ukabaki peke yake, ukaanza kuegama nje. Makosa ya namna hii nayaona hata sasa: mtu anabomoa banda la uani kwa sababu ni bovu, kumbe banda ndilo lililokuwa likishikilia ukuta wa nyumba.

Kufikia 1905 hali ilikuwa ya kutisha. Nyufa kwenye kuta na dari zilikuwa pana kiasi cha bundi kupata viota, na vipande vya mawe vilikuwa vikianguka sakafuni. Humo ndani kuna masanduku ya mifupa ya wafalme wa kale, Cnut akiwa miongoni mwao. Humo ndimo Malkia Mary alimofunga ndoa na Philip wa Hispania mwaka 1554, na humo ndimo alimozikwa mwandishi Jane Austen mwaka 1817. Lingeanguka kanisa, vyote hivyo vingeanguka pamoja nalo.

Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Winchester waliziba. Vizazi kwa vizazi mafundi walitia chokaa na mawe kwenye nyufa zile zile, na nyufa zikafunguka tena. Ndiyo maana nasema kisa hiki kina somo la kazi ambalo methali yetu hailifikii: ufa ulionekana ukutani, lakini ulizaliwa mita sita chini ya miguu yao, na hakuna aliyekuwa ameshuka kuutazama huko.

Aliyeamua kushuka ni msanifu majengo Thomas Graham Jackson. Aliitwa kuja kusaidiana na John Colson, msanifu aliyekuwa akilisimamia jengo. Jackson alichimba shimo la majaribio kando ya ukuta na kukutana na mpangilio niliouelezea: udongo, chokaa, magogo, mboji, changarawe, na maji. Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa kwenye karatasi. Chimba chini ya kuta kipande kwa kipande, toa magogo na mboji, fika kwenye changarawe, kisha jenga kutoka hapo kwenda juu mpaka ukutane na msingi wa zamani. Sisi mafundi tunaijua kazi hiyo ya kuingiza msingi mpya chini ya wa zamani, na inafanywa kila mahali duniani.

Wakaanza. Mboji ilipotobolewa tu, maji yakapanda kwa nguvu na kujaza shimo. Wakaleta pampu ya mvuke. Maji yakavutwa, na mengine yakaja.

Hapa nisimulie kitu changu, kwa sababu bila hicho nisingeuelewa uamuzi uliofuata. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye saiti moja ya bondeni, Dar es Salaam, mahali ambapo ukichimba mita moja na nusu umeshakutana na maji. Tulifunga mota mbili, zikafanya kazi usiku kucha, na asubuhi shimo lilikuwa kavu vizuri. Tukafurahi. Hakuna aliyekwenda kutazama yale maji yalikotupwa. Siku ya tatu jirani alikuja, mzee mmoja mtaratibu.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, mnavuta maji, au mnavuta kiwanja changu?"

Akanipeleka upande wake. Uzio wake ulikuwa umepasuka kwa ngazi, tofali kwa tofali. Kisha akanionyesha mwisho wa bomba letu: pale maji yalipomwagika kulikuwa na kichuguu cha mchanga laini kama unga. Mchanga ule haukutoka shimoni mwetu. Ulitoka chini ya uzio wake, ukatembea na maji kuja kwetu. Tulizima mota siku hiyo hiyo, na uzio tukamjengea upya. Sauti ya mzee yule hunijia kila ninaposoma habari za Winchester.

Francis Fox aliyaona haya kabla ya kuchelewa. Alikuwa mhandisi, mtu wa mahandaki na reli, aliyeitwa kusaidia Jackson. Alitazama maji yaliyokuwa yakitoka kwenye pampu na kuona yanabeba mashapo. Kila ndoo ya maji ilikuwa na chembe za ardhi iliyolibeba kanisa. Wangeendelea kuvuta, wangelikausha shimo moja na kulitoboa kanisa zima kwa chini. Jengo ambalo lilikuwa likizama kwa karne lingeanguka kwa wiki.

Kwa hiyo wakasimamisha uvutaji. Na hapo swali likageuka. Awali lilikuwa: tutayaondoaje maji? Likawa: kama maji lazima yabaki, nani atafanya kazi ndani yake? Fox akapendekeza mzamiaji. Kampuni ya Siebe Gorman, watengenezaji wa mavazi ya kuzamia, ikamleta William Walker, mzamiaji wao mkuu, aliyezaliwa 1869 na kufunzwa kazi hiyo katika jeshi la majini.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Vibarua walichimba shimo jembamba kando ya ukuta na chini yake, wakikinga pande kwa mbao, mpaka wakafika kwenye maji. Hapo wakatoka. Walker akashuka, akakata mboji iliyobaki na kuipakia ili ivutwe juu, mpaka miguu yake ikakanyaga changarawe. Kisha akateremshiwa mifuko iliyojaa zege. Aliipanga sakafuni mwa shimo, akiishindilia ubavu kwa ubavu, akaichana ili zege ishikane, akaongeza tabaka juu ya tabaka. Zege ilipokuwa ngumu, chini pakawa pameshazibwa. Sasa, na sasa tu, pampu ingewashwa. Ingeondoa maji yaliyokuwamo shimoni bila kuvuta tone kutoka chini ya kanisa, kwa sababu mlango wa chini umefungwa. Ndipo waashi waliposhuka wakiwa wakavu na kujenga kwa matofali na vipande vya zege hadi kwenye tumbo la msingi wa kale.

Angalieni uzuri wa mpango huo. Kazi ya Walker haikuwa kujenga msingi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kizibo, ili wajenzi wa kawaida wapate mahali pakavu pa kufanyia kazi ya kawaida. Sehemu moja tu ya kazi ilikuwa haiwezekani bila mzamiaji, na Fox aliitenga hiyo peke yake, akampa mtu mmoja anayeiweza.

Mashimo yalikuwa 235. Mifuko ya zege ilikuwa 25,800. Vipande vya zege 114,900, na matofali 900,000. Ukigawanya, kila shimo lilimeza mifuko kama 110 na matofali zaidi ya 3,800. Mifuko hiyo 110 ilipangwa gizani. Si giza la jioni: maji yale yalikuwa meusi kwa mboji kiasi kwamba taa haikusaidia kitu. Walker alifanya kazi kwa kupapasa, kwa kina cha hadi mita 6, saa sita kwa siku. Juu yake kulikuwa na watu wa kumpelekea hewa kwa mpira, na juu ya watu hao kulikuwa na ukuta wenye nyufa wenye uzito wa maelfu ya tani. Vazi lake na vyote alivyobeba vilifika karibu kilo 90. Kulivaa na kulivua kulichukua muda mrefu, hivyo wakati wa mapumziko alivuliwa kofia tu, akala, akavuta kiko chake, akashuka tena. Mwisho wa juma alirudi kwao Croydon kwa baiskeli, safari ya karibu kilomita 100.

Nimejaribu kufikiria kidole cha mtu kikitafuta pengo kati ya mifuko miwili ya zege, kikijua kwamba pengo likibaki, maji yatapita hapo pampu ikiwashwa. Hakuna msimamizi aliyeweza kushuka kukagua. Hakuna aliyeweza kuona kazi mbaya. Ubora wote wa msingi ule ulitegemea uaminifu wa mtu mmoja mahali ambapo hakuna jicho. Katika kazi yetu, zege ya msingi ndiyo inayofukiwa kwanza na ndiyo inayoibiwa saruji kwanza, kwa kuwa hakuna atakayeiona. Kwa hiyo miaka ile mitano ya Walker, kwangu mimi, ni kubwa kuliko medali yoyote.

Juu ya ardhi nako kazi iliendelea. Fox alitumia mashine ya kusukuma uji wa saruji kwa mgandamizo ndani ya kuta, ujaze matundu yaliyokuwa yamebaki pale chokaa ya Wanormani ilipogeuka vumbi. Fito za chuma zikafunga kuta zilizoachana. Na upande wa kusini Jackson akajenga safu ya viegemeo vya mawe, vinavyoukabili ukuta mrefu na kuusukuma urudi, kazi iliyokuwa ikifanywa na baraza za watawa kabla Askofu Horne hajazibomoa. Karibu miaka 350 ilipita kati ya kosa na sahihisho lake. Gharama yote ilifika pauni 113,000, na Dekano William Furneaux, mkuu wa kanisa hilo, alibeba mzigo wa kuzitafuta mwaka hadi mwaka.

Tarehe 15 Julai 1912 walifanya ibada ya shukrani. Ni siku ya Swithun, mtakatifu wa mvua. Mfalme George V alihudhuria, na Walker akatunukiwa nishani ya Royal Victorian Order. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mwaka 1918, homa kali ya mafua ilipozunguka dunia na kuua mamilioni, ilimchukua pia, akiwa na miaka 49.

Jiwe la kaburi lake linamtaja kuwa mzamiaji aliyeliokoa kanisa kuu la Winchester kwa mikono yake mwenyewe. Nalikubali jiwe hilo, ila nataka kuliongezea. Kuna mkono ulioizima pampu. Kuna vibarua na waashi, jumla karibu 150, waliochimba na kujenga, na wale waliosimama juu ya shimo kuhakikisha hewa inamfikia. Fox bila Walker angebaki na wazo. Walker bila Fox asingeitwa kamwe, na pampu zingeendelea kunguruma.

Na majina yao yaligongana kwa namna iliyoniumiza niliposoma mara ya kwanza. Mwaka 1964 kanisa liliweka sanamu ndogo ya kumkumbuka Walker. Mchongaji alitumia picha ya mtu asiye yeye, na sura iliyochongwa ikawa ya Francis Fox. Kwa zaidi ya miaka 30 wageni walisimama mbele ya sanamu ya mzamiaji na kutazama uso wa mhandisi. Sidhani kuna aliyekusudia ubaya. Lakini inasema kitu kuhusu nani tunamkariri sura: katika picha za kazi ile, jicho la watu lilikwenda kwa bwana mkubwa. Mwaka 2001 sanamu nyingine ikawekwa, kazi ya Glynn Williams, na safari hii uso ni wa Walker, na kofia yake ya kuzamia ameishika mikononi.

Chini ya kanisa, upande huo huo wa mashariki, kuna chumba cha kale cha Wanormani chenye matao mafupi na nguzo nene. Ndani yake imesimama sanamu ya mtu, ya Antony Gormley, iliyotengenezwa 1986 kwa risasi kutokana na umbo la mwili wake mwenyewe. Ameinamisha kichwa, anatazama viganja vyake alivyovikusanya kama mtu anayekinga maji. Kila msimu wa mvua maji ya ardhini hupanda, huingia humo kimyakimya, huizunguka miguu ya sanamu na kupanda kuelekea magotini. Wageni hulitazama dimbwi hilo kutoka kwenye jukwaa karibu na mlango, kwa kuwa kuingia hakuwezekani. Mvua zikiisha, maji hushuka yenyewe.